Kimya cha mtoto wodini: tunayopaswa kujua kuhusu maumivu ya watoto hospitalini

Chumba cha kufungia vidonda kilikuwa mwisho wa baraza, na mlango wake ulikuwa haufungi vyema. Ndivyo nilivyojua kwamba zamu ya mpwa wangu imefika. Nilimsikia kabla sijamuona.

Nilikuwa nimeshuka alfajiri kwenye basi la usiku kutoka Mombasa, pale makutano ya Kyumbi, nikapanda matatu hadi Machakos. Dadangu anafundisha shule kule Ukambani mwaka wa nne sasa. Siku tatu kabla ya safari yangu, sufuria ya chai ilikuwa imemmwagikia bintiye wa miaka mitano, mkono wa kulia kuanzia begani hadi chini ya kiwiko, na sehemu ya kifua. Hospitali aliyolazwa siitaji. Ni moja kati ya nyingi katika kaunti ile, na niliyoyaona pale hata huku kwetu Pwani hayatushangazi.

Watu watatu walimshika. Bandeji ilikuwa imegandana na kidonda, ikavutwa kavu. Mamake aliambiwa angoje nje, eti mtoto akimuona atadeka. Ilichukua kama robo saa. Alipotolewa alikuwa halii tena. Akalazwa kitandani, akageukia ukutani, na kutwa nzima hakusema neno. Mahamri niliyombebea hakuyagusa. Jioni sista alipita, akamtazama, akaandika kwenye faili, akatwambia kwa nia njema kabisa: "Leo ametulia."

Kitanda cha pili alikuwako mvulana aliyevunjika paja, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, akilindwa na bibi yake. Susu, kama wanavyomuita bibi kule Ukambani. Alinitazama akaona nilivyokunja uso. "Usijali, mtoto husahau," akaniambia.

Mimi si daktari. Ni mwandishi wa safu hii tu. Lakini tangu siku ile nimesoma, nimeuliza wauguzi na madaktari ninaowafahamu, na nimeona niwaandikie wasomaji wenzangu niliyoyapata, kwa sababu hakuna nyumba Pwani hii ambayo haitalaza mtoto siku moja. Nianze na neno la yule susu na neno la sista, maana yote mawili si kweli. Mtoto hasahau, na aliyenyamaza si lazima awe ametulia.

Hapo zamani si mbali

Hadi miaka ya 1980, katika hospitali zenye majina makubwa Ulaya na Marekani, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa, hata kifua, kwa dawa ya kulegeza misuli na gesi nyepesi ya kulalisha, bila dawa ya maumivu ya maana. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wakatili. Waliamini mishipa ya fahamu ya kichanga haijakomaa kiasi cha kusikia maumivu, na waliogopa kwamba dawa kali ingemuua. Mwaka 1987 daktari mmoja mzaliwa wa India, K.J.S. Anand, aliyekuwa Oxford, alichapisha pamoja na wenzake katika jarida la The Lancet utafiti juu ya watoto njiti waliofanyiwa upasuaji. Waliopewa gesi pekee miili yao ilifurika homoni za mshtuko na wakapata matatizo mengi zaidi baadaye. Waliopewa gesi pamoja na dawa ya maumivu iitwayo fentanili walipona vyema zaidi. Tangu hapo hakuna mtaalamu anayeweza kusema kwamba kichanga hasikii.

Naisimulia habari hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo sisi wazazi hatuambiwi. Kumtuliza mtoto maumivu si kumfanyia hisani juu ya matibabu. Ni sehemu ya matibabu. Mtoto anayeumwa kifua havuti pumzi ya ndani wala hakohoi, na hapo nimonia hupata mlango. Halali, hali, na kidonda hakiponi kwa mwili usiokula. Kwa aliyeungua karibu na kiungo hatari ni kubwa zaidi. Mpwa wangu alikuwa akiukunja mkono na kuubana kifuani kwa sababu kuunyosha kulimuuma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaja akasema wazi: akiachwa hivi wiki kadhaa, kovu litavuta ngozi na kiwiko hakitanyooka tena ila kwa upasuaji. Kwa hiyo suala halikuwa machozi. Lilikuwa mkono wa kuandikia.

Kusahau nako: watoto waliopitia taratibu zenye maumivu bila kutulizwa huwa waoga zaidi na husikia maumivu zaidi safari inayofuata. Mpwa wangu siku ya tatu alikuwa akianza kutetemeka akisikia tu magurudumu ya kile kitoroli cha dawa.

Kuyapima

Kichwani mwa kitanda kulikuwa na karatasi. Safu ya joto la mwili, safu ya mpigo wa moyo, safu ya pumzi. Safu ya maumivu hapakuwa. Sista yule hakuwa mzembe. Alikuwa na watoto zaidi ya thelathini usiku ule akiwa na mwenzake mmoja tu, na aliandika kile karatasi ilichomuuliza.

Ilhali vipimo vipo, havihitaji umeme wala fedha. Kwa mtoto wa kuanzia miaka mitatu au minne, ipo michoro ya nyuso sita, wa kwanza unacheka na wa mwisho unalia machozi, naye huonyesha kwa kidole ule unaofanana na anavyojisikia. Iliyo mashuhuri zaidi ilibuniwa miaka ya 1980 na Donna Wong na Connie Baker huko Tulsa, Marekani, walipokuwa wakihudumia watoto walioungua moto. Kwa mtoto ambaye hajaweza kusema, kiko kipimo kilichochapishwa mwaka 1997 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan. Muuguzi hutazama mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama mtoto anabembelezeka. Kila moja hupewa sifuri, moja au mbili. Jumla ni kumi. Dakika moja inatosha.

Kipimo hicho kina upungufu wake, na ndiyo maana nimeiita makala hii kimya. Mtoto aliyeumwa siku nyingi, au aliyedhoofu kwa utapiamlo, huacha kulia na kurusha miguu. Nguvu zimekwisha. Hulala kama gogo, hataki kuguswa, hachezi, hatazami mtu. Kwenye karatasi atapata alama ndogo. Hapo anayejua ukweli ni mzazi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mwanawe akiwa mzima huwaje. Kuna na wale wanaoficha kusudi: ukimuuliza kama anaumwa atasema la, maana ameshajifunza kwamba jibu la "ndiyo" huleta sindano. Ndiyo maana wataalamu husisitiza dawa ya kunywa, au ya kupitia mshipa ambao tayari una dripu, badala ya sindano ya tako.

Halafu kuna lugha. Usiku mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, mkono wanipwita." Nikamuita sista. Sista, Mkamba mwenye Kiswahili safi cha shule, akaniuliza kupwita ndiyo nini. Ikabidi nimfanyie kwa kiganja, kufumba na kufumbua, kufumba na kufumbua. "Aa," akasema, na palepale akaelewa kwamba lile si kidonda kuwasha. Mkilaza mtoto mbali na nyumbani, mwambieni muuguzi siku ya kwanza neno ambalo mwanenu hulitumia akiumwa. Wengine husema yauma, wengine yachoma, mdogo zaidi husema "buu" au hushika sikio tu.

Dawa zenyewe

Kwa maumivu madogo na ya kati, dawa za watoto ni mbili: parasetamoli, ambayo wengi wetu twaiita panadol, na ibuprofeni. Parasetamoli hupimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 basi apata miligramu 120 hadi 180. Ile dawa ya maji iliyo ya kawaida madukani kwetu ina miligramu 120 katika mililita tano, kwa hiyo ni kijiko kimoja cha dawa hadi kimoja na nusu. Someni chupa, kwa sababu ziko zenye nguvu mara mbili, na dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake. Mtoto hupewa dozi mbili bila mtu kujua, na ini ndilo linaloumia. Ibuprofeni haifai kwa kichanga wa chini ya miezi mitatu, wala kwa mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Asprini msiwape watoto kabisa ila daktari akiiandika kwa sababu maalumu.

Kosa kubwa wodini mara nyingi haliko kwenye aina ya dawa. Liko kwenye maneno yaliyoandikwa mbele yake. Faili ya mpwa wangu ilisema parasetamoli "ikihitajika." Nani aamue kwamba inahitajika? Mtoto amenyamaza, mama anaogopa kusumbua, sista ana vitanda thelathini. Basi haikuhitajika. Maumivu ya kudumu hutakiwa kutibiwa kwa saa, dozi ifike kabla maumivu hayajarudi, kama tunavyompa mtoto antibayotiki bila kumuuliza kama anaitaka.

Zamani Shirika la Afya Duniani lilifundisha ngazi ya vidato vitatu, iliyotolewa mwaka 1986 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani: kwanza dawa nyepesi, kisha kodeini, kisha mofini. Mwaka 2012, kwa watoto, kidato cha kati kiliondolewa. Kodeini yenyewe si dawa mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na maini hayafanani. Watoto wengine hawaigeuzi kabisa, hivyo wamekunywa maji matupu. Wengine huigeuza kwa kasi na wingi mno, wakalala wasiamke. Hao wa pili ni wachache Ulaya, ila ni wengi zaidi miongoni mwa watu wa Ethiopia na Uarabuni, na sisi watu wa Pwani twajua damu zetu zimepita wapi. Mwaka 2013 Ulaya na Marekani ziliipiga marufuku kodeini kwa watoto katika hali kadhaa, hasa baada ya kukatwa tonsili. Mkiandikiwa dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini kwa mtoto wa chini ya miaka 12, ulizeni kuna nyingine gani.

Nisiwafiche: mwongozo huo wa 2012 shirika liliuondoa mwaka 2019, baada ya wabunge wa Marekani kudai kwamba watengenezaji wa dawa za jamii ya mofini walikuwa na mkono ndani yake. Mwongozo mpya kuhusu maumivu sugu ya watoto ulitoka mwishoni mwa 2020. Una tahadhari zaidi, na ni haki. Lakini haukuikataa mofini kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kutishia uhai. Wala hakuna aliyebadilisha hoja kwamba kwa maumivu makali ya ghafla, kama ya kuungua au ya kuvunjika mfupa, parasetamoli pekee haitoshi.

Hofu ya unga

Hapa ndipo palipotushika sisi. Siku ya nne daktari alitaja mofini. Dadangu akampigia mama Mombasa. Nilimsikia mama kwenye simu bila spika: "Msimpe mwanangu unga!"

Simcheki mamangu. Mtaani kwetu kila baraza ina kijana aliyeharibikiwa na heroini. Tumewazika, na tumewaona wakipanga foleni kwenye kliniki za methadoni zilizofunguliwa Malindi na Mombasa katika miaka ya 2010. Kwa mtu wa Pwani, kumtaja mtoto na dawa ya jamii hiyo katika sentensi moja ni jambo la kutisha, na daktari wa bara asiyelijua hilo atadhani twakataa kwa ujinga.

Daktari yule, Mungu amjaalie, hakutukaripia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akatueleza. Mofini na heroini kweli ni ndugu, zote zatoka kwenye ute wa mpopi. Uraibu anaoujua mama ni maradhi ya kuitafuta dawa hata ikikuvunjia maisha. Mtoto anayepewa dozi iliyopimwa kwa kilo zake, kwa siku chache, kwa maumivu yanayoonekana, hapati maradhi hayo ila kwa nadra mno. Mwili ukizoea kwa matumizi ya muda mrefu, dozi hupunguzwa polepole. Hatari ya kweli ni nyingine: ikizidi, pumzi hupungua. Ndiyo maana mtoto hutazamwa, huhesabiwa pumzi, na lazima iwepo karibu naloksoni, dawa inayoizima mofini kwa dakika chache. Choo pia huwa kigumu, kwa hivyo hupewa cha kukilainisha, na siku ya kwanza atasinzia sana. Mama aliposikia kwamba kuna dawa ya kuizima, akapoa kidogo. "Basi mtazameni," akasema.

Ilivyo nchini

Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wa Kenya wanaougua saratani, UKIMWI na maradhi mengine mazito bila kutulizwa maumivu. Lilikuta kwamba katika hospitali za umma zipatazo 250, zilizokuwa na mofini ya kunywa ni saba tu. Saba. Na hata kwenye dawa, wahudumu wengi walisita kuwapa watoto. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inaruhusu matumizi ya hospitali, lakini imeandikwa zaidi kwa jicho la polisi kuliko la daktari, na hofu hiyo imeingia mpaka kwenye kabati la dawa.

Tangu hapo kumepigwa hatua. Chama cha hospisi na tiba shufaa nchini, KEHPCA, kimesukuma hospitali kubwa za serikali zifungue vitengo vya tiba hiyo, na Machakos Level 5 (siyo alikolazwa mpwa wangu) ni mojawapo zenye kitengo. Mombasa tuna Coast Hospice. Lakini tiba shufaa watu huiona ni ya wanaokufa. Aliyevunjika paja, aliyeungua chai, aliyekatwa kidole cha tumbo, hawapelekwi huko. Hao huachiwa wodi.

Dunia nzima ina mizani mibovu katika jambo hili. Tume ya jarida la The Lancet mwaka 2017 ilihesabu kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa kwa mwaka, zilizofika nchi maskini kabisa ni kilo mia moja tu. Si kwa sababu ya bei, kwani unga wa mofini ni dawa rahisi. Jirani zetu Uganda walionyesha hivyo: Dkt Anne Merriman, aliyepata kufanya kazi Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kuanza kuchanganya unga huo na maji katika chupa, na kufikia 2004 sheria yao iliwaruhusu hata wauguzi waliosomea kuiandika, jambo ambalo nchi nyingi hazijathubutu.

Kitu kimoja kilinipa moyo nilipokuwa nikisoma. Tangu mwaka 2013 wodi za watoto katika hospitali kadhaa za kaunti, Machakos ikiwamo, zimo kwenye mtandao wa kukusanya taarifa unaoendeshwa na watafiti wa KEMRI-Wellcome pamoja na Wizara ya Afya. Moja ya mafunzo yao ni kwamba mtoto anapolazwa kwa fomu yenye visanduku vya kujaza, dalili muhimu huandikwa mara nyingi zaidi kuliko kwenye karatasi tupu. Basi ombi langu kwa wakuu wa afya wa kaunti zetu, Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River, Taita Taveta, ni dogo hata naona haya kuliomba: safu moja kwenye karatasi ya kitandani, baada ya joto na pumzi. Maumivu, sifuri hadi kumi. Huku kwetu wenye kufaidika kwanza watakuwa watoto wa selimundu, ambao mifupa huwawaka usiku wa manane na kwa kuwa hawana kidonda cha kuonyesha, huambiwa wanajifanya.

Yasiyohitaji famasi

Kichanga anapochomwa sindano au kisigino kutolewa damu, kumnyonyesha wakati ule ule, au kumlaza ngozi kwa ngozi kifuani pa mama, hupunguza maumivu kwa namna inayopimika. Matone ya maji ya sukari ulimini dakika mbili kabla nayo husaidia, hospitali ikiwa ndiyo inayompa. Kwa mkubwa, mama awe karibu na ampakate, asishikwe chali na watu wazima watatu. Apulize mapovu ya sabuni, ahesabu, asimuliwe kisa cha sungura. Akipulizishwa hukaza nia kwenye pumzi. Msimwambie "haitauma." Ikimuuma hatawaamini tena. Mwambieni itauma kidogo, na mtakuwa naye mpaka iishe. Kitandani pake pasifanyiwe jambo la kuumiza. Pawe mahali pa amani.

Na aliyeungua, dawa ya kwanza ya maumivu ni maji ya kawaida yanayotiririka, dakika ishirini, hata kama mmechelewa saa moja au mbili. Dawa ya meno, ute wa yai na unga wa ngano viacheni jikoni. Mpwa wangu alipakwa dawa ya meno na jirani mwenye huruma, na siku ya pili ilibidi isuguliwe kutoka kwenye kidonda kibichi. Hebu fikirini.

Siku ya sita

Dadangu aliuliza maswali matatu. Bandeji itabadilishwa saa ngapi? Atapewa nini kabla, na muda gani kabla? Je, naweza kuingia naye? Aliyauliza kwa adabu, mbele ya daktari, na sista akayaandika. Hakutaja Katiba, ingawa angeweza: kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, na cha 53 kinamtaja mtoto kwa jina lake.

Mofini ya kunywa ilikuwako. Ilikuwa famasi ya hospitali hiyo hiyo, chini ya kufuli, hatua chache kutoka wodini, siku zote zile. Ilingoja sahihi tu.

Akanyweshwa dakika arubaini na tano kabla, pamoja na parasetamoli. Bandeji ikaroweshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali hadi ikaachia yenyewe. Mamake alimpakata. Mimi nilibaki barazani, kwenye mlango ule ule usiofungika, nikasikia wakihesabu pamoja hadi kumi na kurudi nyuma. Alilia mwishoni, walipofika kwapani. Sitawaambia kwamba hakulia. Lakini kilikuwa kilio cha mtoto anayeumwa, kile cha mwanzo kilikuwa cha mtu anayeokolewa asiokoleke.

Alasiri aliniomba maji, akaniomba na hamri, la siku ya pili lililokauka. Nililishika mbali kidogo, kama mtaalamu wa mazoezi alivyoniagiza, na akaunyosha mkono kulifuata. Si wote. Zaidi ya nusu.

Susu alikuwa akitutazama. Mjukuu wake alikuwa kimya, macho darini. "Na huyu wangu?" akaniuliza. Tukamuita sista pamoja, naye akamleta daktari, na "ikihitajika" ikafutwa kwenye faili lake. Susu hasomi, ila saa ya ukutani aijua. Akanitaka nimchoree mishale nyuma ya karatasi ya chuo: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Akaikunja, akaitia kwenye leso, akahamishia kiti chake mahali anapoweza kuiona saa.